Bei ya Watu Wawili

Wanawake wote walikuwa wameketi.

Nilikuwa natoka shule, sketi yangu ya buluu imeshika vumbi la barabara, na kwanza nilidhani kuna mtu amefariki. Sikujua jambo jingine ambalo lingewakalisha wachukuzi wa chumvi adhuhuri ya mwezi wa tatu, majaruba yamejaa, na wingu jeusi limekwisha kukaa juu ya mlima wa Bokor kama mgomvi anayekunja mikono ya shati. Walikuwa wamejipanga kwenye tuta kubwa, miguu inaning'inia juu ya mfereji, vitambaa vya kichwani wamevifungua, makapu matupu yamelala kando yao. Mizegazega, ile miti mirefu ya kubebea makapu mawili begani, walikuwa wameichomeka kwenye matope ikasimama kama uzio. Mbele yao chumvi ilikuwa imekokotwa na kurundikwa vichuguu vichuguu, nyeupe, inang'aa mpaka macho yanauma, na hakuna aliyeigusa.

Katikati yao nilimwona mama.

Mama yangu hakuwa mtu wa kukaa. Hata chakula alikula akiwa amechuchumaa, goti moja juu, tayari kuinuka mtu akihitaji kitu. Kumwona ametulia pale, mikono mapajani kama mgeni wa harusi, kulinitisha kuliko wingu lile.

"Kunthea!" Ilikuwa sauti ya Kong, nyapara wa tajiri Leang. Alikuwa anatukimbilia sisi watoto barabarani, kofia mkononi, jasho linamchuruzika. "Kunthea! Na nyinyi wote! Njooni hapa, haraka!"

Nyapara hakuwahi kumkimbilia mtu. Ili ieleweke kwa nini siku hiyo alikimbilia watoto wa shule, inabidi nirudi nyuma mpaka wakati nilipokuwa mchukuzi mwenyewe.

Nilikuwa mchukuzi mzuri. Nasema hivyo kwa kujisifu, kwa sababu ni kweli. Nilikuwa na miaka kumi na moja na hapakuwa na mtoto katika mashamba yale ya Kampot, pwani ya Kambodia, aliyeniweza. Siri ya mzegazega ni kwamba mti wenyewe unadunda. Ukishindana nao utakuvunja bega kabla ya jua kupanda. Ukitembea kwa mdundo wake, magoti yamelegea, mzigo unakuwa hewani nusu ya safari, na wewe ni kama unapita tu chini yake. Hakuna aliyenifundisha. Niliona jinsi mama alivyotembea nikaiga, na siku moja mwili ukashika. Nilikuwa na sugu begani, ngumu kama kisigino, na nilivuta kola ya shati makusudi ili watu waione.

Kila safari, karani wa ghala alikupa kijiti cha mwanzi. Vijiti vyangu niliviweka katika kopo la mama, kwa kuwa sote wawili tulilipwa kwa jina lake. Ndivyo ilivyokuwa kwa kila mwanamke pale: alikuja na mtoto, au wawili, na vijiti vyote vikaingia kopo moja. Bei ya kapu ilikuwa ndogo mno. Mtu mzima mmoja asingeweza kulisha nyumba kwa mabega yake peke yake. Lakini hakuna aliyelalamika, maana hakuna aliyekuja peke yake.

Jioni, tukikaa kula, baba alichagua tumbo la samaki, pale penye mafuta, akaliweka juu ya wali wangu. "Mpeni bwana mkubwa wa nyumba kwanza," alisema. Mama alicheka. Mdogo wangu Nimol, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita, alinitazama kwa wivu ambao niliufurahia kuliko samaki wenyewe.

Kisha wakaja watu wa mjini. Tuliitwa uwanja wa hekalu, wenye mashamba wote wamekaa kwenye viti, sisi kwenye mikeka. Msichana mmoja mwenye miwani alituonyesha picha za uti wa mgongo wa mtoto na wa mtu mzima, akaeleza mzigo unavyoupinda. Alisema kuanzia msimu ujao mtu aliye chini ya miaka kumi na mitano hatabeba chumvi, na wenye mashamba wamekubali. Tajiri Leang akainuka, akashikilia chupa yake ya chai ambayo haikumtoka mkononi, akasema ndiyo, wamekubali.

Shangazi Yem, aliyekuwa jirani yetu na mwenye mdomo kuliko wote, akanyoosha mkono. "Na mchele nao, mwanangu, umekubali kushuka bei?"

Watu wakacheka. Yule msichana naye akacheka, lakini akajibu. "Shangazi, mkibaki wachache, watawahitaji zaidi. Watalazimika kuwalipa."

"Tukibaki wachache tutakuwa tumekufa kwa njaa," alisema Shangazi Yem, na mkutano ukaishia hapo.

Nilirudi nyumbani nalia kwa hasira. Wenzangu walisherehekea. Mimi nilihisi nimenyang'anywa cheo. Msimu uliotangulia nilikuwa mtu ambaye wali wa nyumba ulimtegemea. Sasa nilikuwa mtoto tena, natumwa kuchota maji na kufukuza kuku. Wakanirudisha darasa la tatu nililokuwa nimeliacha zamani, nikakaa na watoto wadogo, magoti yamegonga ubao wa dawati. Mwalimu alipouliza nani anaweza kusoma ubaoni, mimi nilitazama dirishani, upande wa bahari.

Msimu uliofuata ulitufinya. Bei ya kapu ilikuwa ileile, ila vijiti ndani ya kopo la mama vilipungua karibu nusu. Tukauza nguruwe jike kabla hajazaa. Asubuhi tulikunywa uji wa mchele ulioweza kuonyesha kitako cha bakuli, na jioni tulikula wali kwa prahok, yule samaki wa kupondwa aliyevundikwa kwa chumvi, na mchicha wa majini ambao Nimol na mimi tuliuchuma mferejini. Siku samaki alipopatikana, baba aliliweka tumbo kwenye sahani ya mama. Alifanya hivyo haraka, bila utani, nami nikajifanya sikuona.

Wengine walifinywa zaidi. Rafiki yangu Theavy, ambaye baba yake alikuwa mgonjwa wa kifua, hakuja shule hata siku moja. Walimpeleka mji wa Kep kwa binamu ya mama yake, kubangua kaa katika ua wa nyuma wa nyumba ya mtu, mahali ambapo msichana mwenye miwani asingefika. Kazi ilikuwa ileile ya kutwa nzima, tofauti ni kwamba jua halikumpiga. Nilimwonea wivu. Huo ndio ukweli wa moyo wangu wakati ule.

Lakini katika mashamba mambo yalikuwa yanabadilika bila mtu kutangaza. Chumvi ilikokotwa kama kawaida, ikarundikwa kama kawaida, ikabaki pale. Mabega hayakutosha. Kong akawa anapiga kelele tangu alfajiri. Wanawake wakaongeza ukubwa wa makapu, wakajaribu kubeba fungu letu na lao. Mama alirudi nyumbani shingo imekakamaa, na usiku nilimsikia anashindwa kugeuka upande wa kulia.

Ng'ambo ya mfereji kulikuwa na shamba la mtu mwingine. Ikasemekana analipa zaidi kidogo. Wachukuzi wawili wa tajiri Leang wakavuka. Baada ya muda mfupi Kong akaonekana amesimama nyumbani kwa mmoja wao na fungu la ndizi, anabembeleza.

"Mmeona?" Shangazi Yem aliwaambia wenzake. "Tunachumbiwa. Uzee wote huu, na bado tunaletewa ndizi mlangoni!"

Walicheka, kisha kila mmoja akarudi kwenye makapu yake. Hata hivyo hakuna aliyethubutu. Kumwambia tajiri jambo la bei kulikuwa sawa na kumwambia mzee wa kijiji kwamba suruali yake imechanika.

Kilichotokea asubuhi ile sikukiona kwa macho. Nimesimuliwa na Shangazi Yem mara nyingi, na kila mara anaongeza chumvi, lakini mfupa wake ni huu. Mama alikuwa anarudi kutoka ghalani na makapu matupu. Alipofika kwenye tuta kubwa akasimama. Akauteremsha mzegazega, akauchomeka matopeni. Akaketi.

"We Phan, unaumwa?" Shangazi Yem alimuuliza.

"Siumwi."

"Sasa?"

"Nimechoka."

Shangazi Yem alilitazama wingu, akayatazama majaruba, akamtazama mama, kisha naye akachomeka mti wake. "Hata mimi," alisema, akakaa. Mwanamke wa nyuma yao akakuta njia imezibwa. Badala ya kuomba apishwe, akakaa. Ndivyo walivyoketi, mmoja mmoja, mpaka tuta likajaa.

Tajiri Leang alifika kwa pikipiki, chupa ya chai imefungwa mbele. Nataka nimtendee haki. Hakuwa mtu mkatili. Alirithi yale mashamba kwa baba yake pamoja na maumivu ya tumbo, na alipowapa watu mishahara hakuwahi kupunja. Alilipa bei iliyokuwapo, na bei iliyokuwapo aliikuta.

"Mbona mmekaa?"

"Tumechoka, tajiri," mama alisema.

"Kila mtu amechoka! Mimi mwenyewe nimechoka. Hamwoni mvua ile?"

"Tumeiona."

"Basi inukeni!"

Hapo, wanasema, mama alitazama mikono yake kabla ya kujibu. "Tajiri, bei ya kapu uliyokuwa unatulipa ilikuwa ya watu wawili. Mimi na mwanangu. Mwanangu umemwondoa, na mimi sikulaumu kwa hilo. Ila mdomo wake umebaki kwangu. Nataka bei ya mtu mmoja anayelisha nyumba."

Tajiri akadhani ameona upenyo. "Si mtu mmoja hulipwa kidogo kuliko wawili?"

"Haya, beba wewe kwa hiyo kidogo," Shangazi Yem akamwambia. Tuta zima likaangua kicheko, na uso wa tajiri ukabadilika rangi.

"Mnanikaba koo kwa sababu ya mvua," alisema.

"Mvua si yangu," mama alimjibu.

Tajiri akamgeukia Kong. Saa ya kutoka shule ilikuwa imefika. Sisi tulikuwa tayari tunaonekana barabarani, kundi zima, mikoba ya madaftari inapiga mapaja.

"Leo tu," Kong alituambia, anatweta. "Wa mjini hawapo. Kapu moja kwa bei ya mawili. Kunthea, wewe unaijua kazi, waongoze wenzako. Mkikimbia mtamaliza kabla haijamwagika."

Wenzangu wote wakanitazama mimi.

Begani kwangu paliwasha. Nilikuwa na mwaka mzima nasubiri mtu aniite kwa jina langu mbele ya watu na kusema, wewe unaijua kazi. Bei ya mara mbili! Niliona tumbo la samaki. Niliona nguruwe mwingine chini ya nyumba.

Baba akaja anakokota reki yake ndani ya jaruba, miguu imekuwa myeupe kwa chumvi mpaka magotini. Yeye alilipwa kwa fungu la mavuno. Kila kichuguu kilichokuwa kinangoja mvua pale kilikuwa jasho lake. "Mwanangu, shuka," alisema. Hakuwa anaamrisha. Alikuwa anaomba. "Chumvi hii ikiyeyuka hakuna atakayelipwa. Si mimi, si mama yako, si mtu. Shuka, mama."

Nikamtafuta mama kwa macho. Alikuwa anatazama mferejini. Angetikisa kichwa, ningejua la kufanya. Angenikunjia uso, ningejua pia. Hakufanya lolote. Aliyatazama maji kana kwamba hakuna anayemhusu barabarani.

Nikavua viatu. Nikateremka, nikang'oa mzegazega mmoja uliokuwa karibu, nikatundika makapu mawili, nikauweka begani. Kong akapiga makofi. Wenzangu wakashuka nyuma yangu kwa fujo, wanagombania makapu. Nikaanza kutembea juu ya tuta dogo, na sitasema uongo, mwili wangu ulifurahi. Magoti yalilegea yenyewe. Mti ulidunda, nami nikadunda nao.

Mbele kidogo njia iligawanyika: kushoto kwenda kwenye chumvi, kulia kwenda tuta kubwa walipokuwa wanawake. Niligeuka kuwahimiza wenzangu, na wa kwanza nyuma yangu alikuwa Nimol.

Alikuwa amepata makapu mawili ya watu wazima. Yalikuwa matupu, lakini yaliburuza chini pande zote. Alikuwa ameuma midomo, shingo ameipinda, anajaribu kutembea kama mimi. Na alikuwa anaweza. Hilo ndilo lililonisimamisha. Miaka saba, hana nyama hata chembe, na magoti yake yalikuwa yameshaanza kuusikiliza mti. Alinitabasamia. Niliona wazi kabisa kwamba atakuwa mzuri kuliko mimi, kwamba mwakani vijiti vyake vitaingia kopo la mama pamoja na vyangu, na kwamba tajiri hatakuwa na sababu ya kumlipa mama hata senti moja zaidi mpaka azeeke.

Nikageuka kulia.

"Huko siko!" Kong alipiga kelele. "Kunthea! Chumvi iko huku!"

Nilitembea mpaka mbele ya mama, nikauteremsha mzegazega, nikauchomeka kando ya wake. Nikaketi. Nimol akaketi karibu yangu, makapu yake yakamwangukia miguuni. Wengine wakasita, wakamtazama Kong, wakatutazama sisi, kisha wakaja wakabanana na mama zao, kila mtoto na wake.

Mama hakunigusa. "Nani kakuambia ukalie chumvi na sketi ya shule?" aliniuliza.

"Nimechoka," nikasema.

Shangazi Yem alicheka mpaka akashika mbavu, na wengine wakafuata. Baba alikuwa bado amesimama kwenye jaruba. Alitutazama kwa muda, sisi watatu tumekaa upande mmoja, kisha akaiangusha reki na kuwasha sigara, na upepo ukamzimia kiberiti mara kadhaa.

Upepo huo ulikuwa wa mvua. Tajiri Leang alikuja juu ya tuta kwa viatu vyake vya ngozi, matone ya kwanza yameanza kupiga vumbi.

"Phan," alisema, "mpaka watoto umewafundisha ugomvi?"

"Sijawafundisha mimi. Hawa wametoka shule."

Akafumba macho. Nadhani tumbo lilikuwa linamuuma. "Robo juu," alisema.

"Nusu," mama alijibu.

"Nusu! Kwa leo."

"Kwa msimu, tajiri."

Radi ikapasuka nyuma ya Bokor. Kichuguu cha pembeni kabisa kilikwisha anza kupata vitundu vitundu.

"Kwa msimu."

"Na ujao."

"Na ujao! Na ujao, jamani! Bebeni!"

Sijapata kuona watu wakiinuka vile. Mizegazega iling'olewa yote kwa pamoja, tuta likatetemeka. Baba alijaza makapu kwa koleo kama mwenye wazimu. Kong alibeba. Tajiri mwenyewe alikunja suruali yake iliyopigwa pasi, akachukua kapu moja kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto, akakimbia nalo ghalani, na kila alipopita Shangazi Yem alimpigia mbinja.

Mimi nilikuwa nimeshasimama, mti begani. Mama akauondoa.

"Wewe nyumbani."

"Mama, mvua!"

"Naiona. Mchukue mdogo wako."

"Naweza kubeba kuliko huyo tajiri!"

"Najua," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akanitazama usoni. "Nyumbani, Kunthea."

Hakuna jambo gumu zaidi nililowahi kufanya. Nilisimama barabarani na Nimol, tumelowa, mikono mitupu, nikiwatazama watu wazima wanateleza na kuanguka na kuinuka, na Kong hakujua hata kutembea na mti. Mvua ilishuka yote kwa mpigo mmoja. Waliokoa labda theluthi mbili. Iliyobaki ilitiririka mferejini, ikarudi baharini ilikotoka.

Baba hakusema na mama mpaka kesho yake jioni. "Tumepoteza jaruba zima," alisema hatimaye.

"Tumepoteza," mama alikiri, akampakulia wali.

Habari ilivuka mfereji kabla matope hayajakauka. Katika mashamba mengine wanawake hawakuhitaji hata kukaa. Walisema tu wameisikia bei ya kwa Leang. Msimu uliofuata bei ilikuwa hiyo ukanda mzima. Mwaka mmoja baadaye kopo la mama peke yake lililisha nyumba, na likabakiza.

Tajiri Leang aliapa kwamba amefilisika. Hakufilisika. Alimwita fundi wa kuchomelea, akatengeneza mikokoteni ya magurudumu ya baiskeli, akalaza mbao juu ya matuta. Mwanamke mmoja na mkokoteni alisogeza chumvi ya watatu wenye mizegazega, wala shingo haikumkakamaa. Jambo hilo nalo lilikuwa na upande wake mchungu, kwa maana wachukuzi waliohitajika wakawa wachache. Shangazi Yem aliachishwa. Akafungua kibanda cha tambi mbele ya lango la ghala, na kwa miaka mingi alimlisha tajiri Leang mchana, pilipili ikizidi aliyoomba. Wengine hawakupata kibanda. Kuna familia mbili zilivuka mpaka kwenda Thailand, na moja hatukuisikia tena. Mama aliwataja kila tulipopeleka chakula kwa watawa wa hekalu ili wawaombee, na hakuwahi kusema haikuwa kwa sababu yake.

Theavy alirudi kutoka Kep mama yake alipoweza kulisha nyumba bila yeye. Vidole vyake vilikuwa vimechanjwachanjwa na magamba ya kaa. Alikaa dawati langu kwa miaka mitatu, akinakili majibu yangu ya hesabu na kukosea hata kuyanakili.

Na chumvi sokoni ilipanda, kidogo tu. Bibi yangu alikuja mjini msimu wa kuvundika samaki, akasimama mbele ya muuzaji akilalamika mpaka watu wakageuka. "Sijui ni nani kaipandisha chumvi hii! Mtu asiye na huruma!" Mama, kando yake, alichambua mchicha jani kwa jani na hakuinua uso.

Siku hizi mimi ndiye ninayenunua chumvi kwa ajili ya karakana moja ya mchuzi wa samaki. Nazungumza bei na mtoto wa tajiri Leang, ambaye amerithi mashamba na tumbo. Ananiambia chumvi ni ghali kwa kuwa wachukuzi ni ghali. Namwambia ninajua. Tunavutana mpaka chai inapoa, kisha nalipa. Mara nyingine wanakuja wageni wenye karatasi zao, wananiuliza, kuwaondoa watoto kwenye chumvi kuliwaumiza watu au kuliwasaidia? Nawajibu kwamba kulifanya yote mawili, kwa mpangilio huo, na kwamba kati ya la kwanza na la pili palikuwa na wanawake waliokaa chini.

Nimol ni fundi wa umeme. Hajui kutembea na mzegazega. Nilimjaribu mara moja, kwa mzaha, akauvunja.

Lakini kama kuna siku ninayoirudia, ni nyingine, ya msimu uliofuata ule wa mvua. Ilikuwa likizo ya mwaka mpya wetu, mwezi wa nne, joto limekaza. Shule imefungwa na chumvi bado inabebwa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimelala kwenye bembea ya kitambaa aliyoifunga baba kati ya nguzo mbili chini ya nyumba, mchana kweupe, sifanyi kitu. Nikasikia miguu ya mama inarudi kutoka shambani. Nikafumba macho upesi. Kwetu mtu aliyelala mchana alikuwa mgonjwa au mvivu, na mimi sikuwa mgonjwa.

Alisimama. Nilisikia anapumua. Nikasubiri aseme maji, au kuni, au kuku. Akanawa miguu kwenye mtungi, taratibu, mguu mmoja kisha wa pili. Halafu akaja karibu, akaisukuma bembea kwa goti, mara moja, kama inavyosukumwa ya mtoto mchanga, akapanda ngazi kwenda kupika.

Bembea iliendelea kwenda na kurudi muda mrefu. Nami sikufumbua macho.